Shokapu za nyuma za pikapu ya mzigo
Umeuliza ununue shokapu zipi (vile vizuia mdundo wa gari), na kwa nini pikapu inakaa chini nyuma ukipakia magunia. Chukua za gesi, yaani zenye mafuta na gesi ndani, kaka, na ubadilishe zote mbili kwa pamoja. Za mafuta matupu zikipigwa na barabara ya vumbi muda mrefu, mafuta yanapata moto, yanatoa povu, gari linaanza kudunda. Nimeliona hilo nikishusha korosho kutoka Newala. Ila hilo la gari kukaa chini nyuma ukipakia magunia si la shokapu: mzigo unabebwa na springi, kwa hiyo kagua kwanza kama haijavunjika au kunyooka. Na kama gari uliliongezea kimo, pima urefu shokapu ikiwa imevutwa yote, maana fupi itagota na kutafuna bushi, zile raba za kwenye ncha zake. Shokapu yenye mafuta yanayochuruzika mwilini mwake imekwisha, hata ukiipangusa.