Mtoto Anayenyamaza Darasani: Kwako Mwalimu Mpya wa Chekechea ya Kimataifa

Wewe unayeanza kazi kwenye chekechea ya kimataifa, iwe Masaki au Oysterbay, mtoto atakayekuumiza kichwa si yule anayelia mlangoni asubuhi. Huyo hubembelezwa, akazoea. Wa kuumiza kichwa ni yule anayekaa kimya. Kwao wanaongea Kikorea, Kigujarati au Kiswahili, na darasani kila kitu ni Kiingereza. Wiki zinapita, pengine miezi, hajatamka neno.

Usikimbilie kusema amechelewa. Mtoto anayeingia kwenye lugha mpya mara nyingi hunyamaza kwanza, na katika ukimya huo anasikiliza, anatazama, anaiga wenzake. Mchunguze. Ukisema tukanawe mikono, anainuka mwenyewe, au anangoja aone wengine wanaelekea wapi? Siku atakayoinuka bila kungoja, mwambie mama yake jioni ileile. Niliwahi kuwa na mtoto asiyeitikia hata salamu yangu. Siku moja, kwenye mchanga, nikamsikia anahesabu vikombe kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini kabisa. Sikugeuka wala sikumpongeza. Niliendelea kujaza ndoo yangu, naye akaendelea kuhesabu.

Usimnyime maji mpaka aombe kwa Kiingereza. Shika embe mkono huu na ndizi mkono ule, taja yote mawili, mwache achague kwa kidole. Anapojenga na matofali ya mbao, kaa chini karibu naye useme anachofanya, bila kumrundikia maswali. Na siku ya kwanza kabisa muulize mzazi wanasemaje kwao maji, choo, naumwa, nataka mama. Maneno hayo yabandike ukutani, mwalimu msaidizi naye ayajue.

Muulize mzazi jambo jingine pia: nyumbani anaongea? Kama hata kwa lugha ya mama yake yuko kimya, au akiitwa hageuki, usisubiri muhula uishe. Mweleze mkuu wa shule, na mtoto apelekwe kupimwa masikio kwanza.

Wazazi wengi watakuuliza kama waache lugha yao, mtoto ashike Kiingereza haraka. Waambie wasithubutu. Hili nalisema kwa uchungu, maana nimeona watoto wasioweza kuongea na bibi zao. Hata EYFS, mwongozo wa England wa malezi na elimu ya watoto hadi miaka 5, unaofuatwa na shule nyingi za aina hii, unadai mtoto apewe nafasi ya kutumia lugha ya nyumbani katika michezo na kujifunza. Kwa hiyo ukiwakuta wawili wanapika pilau la kuigiza kwa Kiswahili, usiwakaripie.

Watakuuliza pia kwa nini mtoto wa miaka 3 haandiki. Vidole vyake bado havina nguvu ya penseli. Mpe unga wa kukanda, sponji za kukamua, vibanio vya nguo.

Mwisho, daftari lako la kumbukumbu. Usiandike "mkorofi" wala "mvivu". Andika tarehe, alikuwa wapi, na nani, alifanya nini: "Amechukua gari la mwenzake, mwenzake akalia, akalirudisha." Mwenzako atakayelipokea darasa hilo mwakani ataelewa alianzia wapi.