Kabla ya Kupima Nyota, Uliza Nyota Elekezi Iko Wapi

Panda Menengai usiku utazame Nakuru kule chini. Taa za mji zinamemeteka, lakini kila moja kivyake: hii ikififia, jirani yake inang'aa, kwa sababu hewa iliyo kati yako na hii siyo iliyo kati yako na ile. Nimekua nikiziona taa hizo, na bado nilikosea nilipopewa picha ya anga.

Nilikuwa napima mng'ao wa nyota za kundi moja, kwenye picha ya darubini ya mita 8 yenye optiki badilifu, yaani kioo kinachojipinda mara mamia kwa sekunde kufuta mtikisiko wa hewa. Nikachagua nyota moja nzuri ya katikati, nikalifanya umbo la nukta yake kielelezo cha zote. Nyota za pembeni zikatoka hafifu. Nikadhani nimegundua jambo, nikaandika sura nzima. Mwalimu wangu akaitazama picha, akauliza, "Nyota elekezi iko wapi?" Sikujua.

Kioo hurekebishwa kwa kuifuata nyota hiyo. Chukua nyota nyingine iliyo sekunde 20 za tao kando yake. Digrii moja ina sekunde 3600. Karibu na darubini mwanga wa zote mbili hupita hewa ileile. Kilomita 10 juu, njia zao zimeachana kwa karibu mita nzima, na marekebisho ya moja hayaifai tena nyingine. Kwa hiyo ukisogea mbali, nukta ya nyota hupanuka na kurefuka, ikielekeza ncha kwa nyota elekezi. Mwanga wake humwagika nje ya duara unalopimia. Nyota haijafifia; wewe ndiye hujaukusanya mwanga wote.

Basi, kuza pembe zote nne za picha kabla ya kupima chochote. Ukiona vinukta vimerefuka vyote kuelekea mahali pamoja, umeshaipata nyota elekezi. Kisha chukua nyota zilizojitenga, za karibu na za mbali, na kila sehemu uipe kielelezo chake. Kwa mwanga unaoonekana kwa macho tatizo ni kubwa zaidi: huko ubora huporomoka ndani ya sekunde chache tu za tao, wakati infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, huvumilia zaidi. Mfumo wa optiki badilifu wa GeMS, kwenye darubini ya Gemini South, Chile, hutumia nyota tano za leza, yaani nyota elekezi za bandia zinazotengenezwa kwa miale, na zaidi ya kioo kimoja kinachojipinda ili kutanua eneo zuri, lakini hata picha zake mimi huzikagua pembeni.

Nilipopima upya, nyota zangu za pembeni zilirudi kwenye mng'ao wao. Ile sura nikaifuta.