Maswali Yenu: Star Trek ya Baba, Nianzie Wapi?

Hamjambo wahariri. Baba na mama walikuwa wapenzi sugu wa Star Trek, ile tamthilia ya runinga ya vyombo vya angani, kabla sijazaliwa, na hadi leo wakianza kubishana kuhusu manahodha wao mimi hubaki mgeni mezani. Nilijaribu ile ya 1966, sehemu ya kwanza, usingizi ukanishinda. Je, ni lazima nianze mwanzo? — Msomaji, Section 58, Nakuru

Si lazima. Kuanza mwanzo ndiko kunakofukuza wengi. Waulize wazee kwanza: nahodha wenu ni nani? Wakijibu Kirk, wanazungumzia mfululizo wa awali, ulioonyeshwa Marekani kati ya 1966 na 1969, misimu 3, sehemu 79. Wakijibu Picard, yule mwenye kipara anayeigizwa na Patrick Stewart, basi ni The Next Generation, 1987 hadi 1994, misimu 7, sehemu 178.

Kwa Picard, ruka msimu wa 1 karibu wote. Waandishi walikuwa bado wanapapasa, na waigizaji wamekakamaa. Msimu wa 2 nao ulipunguzwa hadi sehemu 22 kwa sababu ya mgomo wa waandishi wa Hollywood mwaka 1988. Lakini humo humo kuna “The Measure of a Man”, sehemu ya 9: kesi ya kuamua kama Data, roboti ambaye ni afisa wa chombo, ni mali ya wakubwa wake au ana haki ya kukataa kufunguliwa vipande vipande. Hakuna vita, ni hoja tupu mbele ya hakimu. Ikikuchosha hiyo, huenda Star Trek si yako, na hakuna ubaya. Ikikunasa, ingia msimu wa 3 moja kwa moja. Sehemu yake ya 26, “The Best of Both Worlds”, inakatika mahali pabaya kabisa, kwa hivyo uwe na sehemu ya kwanza ya msimu wa 4 tayari. Watazamaji wa Marekani waliachwa wakining’inia hapo kuanzia Juni hadi Septemba 1990.

Kwa Kirk, taabu ni mwendo. Kila sehemu ina takriban dakika 50, na sayari nyingi ni mbao na rangi za studio. Anza na “Balance of Terror”, nahodha wawili wakiviziana gizani. Kisha tazama “Space Seed” na papo hapo filamu ya The Wrath of Khan ya 1982, kwa sababu Khan anayerudi kulipiza kisasi humo ndiye yule yule aliyeachwa sayarini miaka 15 awali. Iliyokulaza pengine ni “The Man Trap”, ya kwanza kurushwa, tarehe 8 Septemba 1966. Irudie baadaye kwa ajili ya Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo, aliyeigizwa na Nichelle Nichols: kiumbe anayejigeuza humjia kwa umbo la mwanamume na kumsemesha Kiswahili. Hiyo itazame na wazazi wakiwa karibu, mkikosoe pamoja.

Jambo moja la runinga. Mifululizo yote miwili ilitengenezwa kwa kioo cha 4:3, yaani upana 4 kwa kimo 3. Ukiona nyuso zimenenepa na chombo kimelala kama chapati, runinga imeivuta picha ijaze kioo. Tafuta kwenye rimoti mpangilio wa ukubwa wa picha, chagua 4:3, na uiache michirizi myeusi pembeni ilivyo.

Nimekuta kanda za video za mama ndani ya sanduku, zina unga mweupe. Nizicheze tu? — Msomaji, Kisumu

Usithubutu. Huo ni kuvu, na unyevu wa ziwani huulea vizuri. Ukiicheza kanda, unga hushika vichwa vya deki na kuhamia kanda inayofuata, na utepe ulioshikana hukatika. Zitenge, zikae siku kadhaa mahali pakavu. Kisha vaa barakoa, toka nje, fungua skrubu 5 za chini, na upige picha ya ndani kabla ya kugusa springi yoyote. Futa ukingo wa utepe kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi. Kuvu kikiwa kimeingia katikati ya mizunguko, mpe fundi.

Kabla ya kucheza, vunja kile kilimi cha plastiki mgongoni mwa kanda, ili mtu asije akarekodi juu yake. Peleka utepe mbele hadi mwisho na uurudishe. Kisha unganisha deki na kifaa cha USB cha kunasa video kwa waya za manjano, nyeupe na nyekundu, na urekodi kwenye kompyuta kwa 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde. Kwa megabiti 5 kwa sekunde, saa moja hula takriban GB 2.25. Njia ya mkato hakuna: kanda ya saa 3 huchukua saa 3. Kanda iliyotoka Marekani ikionyesha picha inayorukaruka au isiyo na rangi, haijaharibika. Ni ya mfumo wa NTSC, na deki nyingi za hapa ni za PAL. Tafuta deki inayosoma mifumo yote miwili.

Mama ni wa filamu za Star Wars. Nifuate namba, kuanzia I? — Msomaji, Kakamega

La. Fuata miaka: 1977, 1980, 1983, ambazo ni namba IV, V na VI, ndipo uende kwa zile za 1999, 2002 na 2005. Ukianza na namba I, siri kubwa ya filamu ya 1980 utaijua mapema, na mama atakosa raha ya kukutazama uso. Naye akisema, “Hiki hakikuwemo,” mwamini: George Lucas, mwenye filamu hizo, aliongeza picha mpya katika zile tatu za mwanzo mwaka 1997.