Namna ya Kumlaza Mtoto Njiti Ndani ya Inkubeta

SWALI: Mimi ni muuguzi hapa Malindi, nimehamishiwa karibuni kitengo cha watoto wachanga. Baadhi ya wenzangu huwazungushia njiti leso zilizokunjwa, wengine hukataa wakisema zinawazuia kupumua. Lipi sahihi? Na je, kuwalaza kifudifudi kunafaa?

JIBU: Dada yangu, leso ni sehemu ya matibabu, mradi izungushwe ipasavyo. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37, na hasa kabla ya wiki 32, misuli yake haijapata nguvu ya kukunja viungo. Tumboni, mji wa mimba ndio uliokuwa ukimkunja. Akiachwa wazi juu ya godoro, mapaja hutanuka kama ya chura na mabega hurudi nyuma, na akikaa hivyo wiki nyingi viungo huzoea mkao huo, hata ikawa taabu kwake kufikisha mikono kinywani, ilhali hiyo ndiyo njia yake ya kujituliza.

Viringisha leso safi iwe nene, uizungushe kutoka mabegani hadi chini ya miguu, nyayo zipate pa kusukuma, mikono ielekee usoni, na kifuani pasiwe na kitu. Kinachoziba pumzi ni kidevu kilichoinamia kifua au leso iliyopanda hadi usoni. Itazame na nepi: ikiwa kubwa humpanua mapaja, na kazi yote ya leso ikapotea.

Kifudifudi huwasaidia wengi wenye mapafu dhaifu, kwani oksijeni hupanda nao hulala kwa utulivu zaidi, lakini ni lazima mashine ya kupima oksijeni na mapigo ya moyo iwe imeunganishwa wakati wote. Kwa waliozaliwa kabla ya wiki 32, vitengo vingi husubiri saa 72 za mwanzo zipite, kichwa kikikaa katikati sambamba na mwili, kwa kuwa kugeuza shingo huweza kubana mishipa inayorudisha damu kutoka kichwani.

Hata hivyo, mimi huona hakuna leso inayofikia kifua cha mama. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza huduma ya kangaruu, yaani mtoto kulazwa kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku, ianze mapema baada ya kuzaliwa, isipokuwa kwa mtoto asiyeweza kupumua mwenyewe au aliye katika mshtuko, yaani ambaye damu haizunguki ipasavyo mwilini.

Anapokaribia kuruhusiwa, ziondoeni leso mapema, azoee kulala chali kwenye godoro tupu, na mama aelezwe kwamba nyumbani hakuna mashine, hivyo kifudifudi hakiruhusiwi kamwe wakati wa usingizi.