Hemu ya Krismasi Isikauke

SWALI: Krismasi iliyopita nilioka hemu ya kilo 4, iliyouzwa ikiwa imeshaiva, nayo ikatoka kavu kama ubao. Nilikosea wapi?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, uliipika mara ya pili, ilhali nyama hiyo huhitaji kupashwa moto tu. Ilaze kwenye trei yenye kikombe cha maji, upande uliokatwa ukiwa chini, uifunike kwa foili na kuioka kwa nyuzi 160 za Selsiasi, mpaka kipimajoto kilichochomekwa katikati, bila kugusa mfupa, kisome 60. Asali na haradali zipakwe dakika 20 za mwisho, kwa kuwa sukari huungua upesi. Karafuu chache zilizochomekwa kwenye mafuta yaliyochanjwa hunukia vizuri mno. Mfupa usiutupe: uchemshe na maharagwe kesho yake.