Kompyuta mpya ndani ya keisi ya zamani: anza na rula, vifaa vitafuata

Mtu akishaipata ile keisi ya zamani, yani kasha la kompyuta, ya rangi ya krimu, ile ya kulala ambayo skrini inakaa juu yake, kitu cha kwanza anakimbilia kuagiza mazabodi (bodi kuu) na prosesa (ubongo wa kompyuta). Mi nasema subiri. Keisi ndo inachagua vifaa, sio wewe. Toa kila kitu ndani libaki bati tupu, afu shika rula.

Anzia nyuma. Kama kuna tundu la mstatili la milimita 158.75 kwa 44.45 basi una bahati, hiyo ni ATX, kipimo ambacho Intel walikitoa mwaka 1995 na mpaka leo hakijabadilika, ile sahani ya bati inayokuja na mazabodi mpya inabana pale pale. Kama unaona tundu moja tu la duara la kibodi na nafasi za kadi pembeni, hiyo ni AT, ukoo wa IBM PC AT ya 1984, na hapo jua kabisa utakata bati. Zipo pia zile ambazo kampuni kubwa kubwa walijikatia vipimo vyao wenyewe, kadi zinalala ubavu na pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, ina umbo la ajabu. Kama ndo mara yako ya kwanza hizo ziache, utapata nyingine.

Kwenye mazabodi mi napenda Mini-ITX, milimita 170 kwa 170, manake ndani ya keisi hizi kuna kitu kinaning'inia kila mahali, mara kreti ya hadidiski, mara pawa saplai imekaa juu kabisa ya pale prosesa inapotakiwa kuwa. Matundu yake manne ya skrubu yanaendana na ya ATX. Ila angalia sana zile nguzo ndogo za kukalia mazabodi: nguzo yoyote ambayo haina tundu la skrubu juu yake ing'oe, usiseme haina madhara, inagusa solda chini ya bodi na kuleta shoti. Afu pima kimo kutoka bodi mpaka juu ndo uchague kipozeo cha prosesa, kuna vifupi vizuri tu, mfano Noctua NH-L9i ina milimita 37.

Pawa saplai usitumie ya zamani hata kama inawaka. Ya ATX ya sasa mara nyingi inaingia kwenye keisi za AT za miaka ya 90 kwasababu upana na kimo ni vile vile, 150 kwa 86, ila urefu ndo upime, na uangalie feni inatazama wapi. Zile zenye feni kubwa ya chini zikikaa karibu na bodi zinakosa pumzi. Hapo tafuta SFX, pawa saplai ya umbo dogo, na kibati chake cha kuigeuza ikae kwenye matundu ya ATX, inakuachia nafasi nzuri sana ya waya.

Sasa swichi, na hapa naomba usome taratibu. Kwenye AT kile kitufe cha mbele kinakata umeme wenyewe wa ukutani, yani zile waya nene nne zinazotoka pawa saplai mpaka mbele zinabeba moto kamili, sio ule wa volti 5. Kwahiyo chomoa plagi ukutani kabla hujafungua chochote, toa waya zote nne, na usije ukaunganisha hata moja kwenye mazabodi mpya. Mazabodi ya sasa inataka kitufe cha kugusa na kuachia, cha AT ukibonyeza kinaingia na kubaki ndani. Nyingi ya hizo swichi ukizitazama kwa karibu utaona kawaya kembamba kalikokunjwa ncha, kanatembea kwenye mfereji mdogo pembeni ya kitufe, hako ndo kanakishikilia kisirudi. Katoe na kibano taratibu, kitufe kitaanza kurudi chenyewe, ukiweka waya mbili nyembamba mpaka kwenye pini za pawa umemaliza, na mlio wa kitufe unabaki ule ule wa zamani, raha tupu.

Hewa ndo inawashinda wengi. Keisi hizi zilitengenezwa wakati prosesa inakula wati chache, mbele pamefungwa kabisa, labda vijitundu chini na nafasi ya feni moja ya milimita 80. Chagua prosesa ya wati 65 kushuka chini, weka feni moja ya kuvuta mbele na moja ya kutoa nyuma, na kama uso hauna upenyo toa kifuniko kimoja cha sehemu ya CD uweke wavu mweusi, kwa mbali hauonekani. Kadi ya grafiki kubwa sikushauri.

Uso wa mbele usiuache ufe, mi hilo linaniuma nikiona. Taa za LED zinafanya kazi vizuri tu kwenye mazabodi mpya, ila ya pawa mara nyingi ina plagi ya pini tatu na bodi inataka mbili, unahamisha waya moja, na chanya na hasi ukikosea haiwaki, geuza tu. Kitufe cha turbo, kile cha kubadili kasi kwenye mashine za zamani, kifanye riseti, yani cha kuwasha upya, ila kama nacho kinabaki ndani ukikibonyeza kitoe kawaya kwanza. Zile namba za MHz zinazowaka mbele hazipimi chochote, zinapangwa kwa jampa, vile vijikofia vya kuunganisha pini, nyuma yake, kwahiyo zipe volti 5 zake kutoka kwenye pawa saplai na uandike namba unayoipenda. USB zifiche nyuma ya kifuniko cha flopi.

Ukikata bati, kata keisi ikiwa tupu, piga tupa kwenye kingo, ifute na kuipuliza vumbi lote la chuma ndo bodi iingie. Plastiki ya zamani inakatika haraka kwahiyo vile vishikio usivilazimishe.

Na kama umepata mashine nzima ya zamani na bado inawaka, tafadhali usiichambue, tafuta keisi tupu nyingine. Ikiwa imeshakufa, vya ndani vitunze kwa ajili ya mwingine anayetengeneza, ila bodi za prosesa za zamani za 386 na 486 nyingi zina betri ya pipa iliyosolderiwa ambayo huvuja na kula njia za shaba, hiyo ikate kwanza ndo uifunge bodi kwenye mfuko.