Mume Anataka Tukalale Hemani Rubondo na Mtoto wa Miezi Mitano

Shangazi, shikamoo. Ninaishi Nyakato, Mwanza, na mtoto wangu wa kwanza ana miezi mitano. Mume wangu na wenzake wa kazini wamepanga kwenda kupiga kambi kisiwani Rubondo, Ziwa Victoria, kwa siku tatu mwezi wa saba, kila mmoja na familia yake, na hema ameshanunua. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, amesema mtoto hatoki, kwa sababu upepo wa ziwani utamwingia kifuani. Mume anajibu kwamba Wazungu hulala nje na watoto wachanga na hawadhuriki. Kila mmoja anataka niwe upande wake. Nifanyeje?
Niliye Katikati, Nyakato

Marahaba, mwanangu. Nimeirudia barua yako nikitafuta mahali ulipoandika kama wewe mwenyewe unataka kwenda, na sikupaona. Umenieleza anachotaka mume na anachokataa mama mkwe, ilhali atakayeamka usiku kumnyonyesha mtoto ndani ya hema ni wewe. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua upande wa yeyote, amua kwanza kama moyo wako unaitaka safari hii. Kama hauitaki, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha, wala huna haja ya kuivisha vazi la upepo wa ziwani.

Nikichukulia kwamba unaitaka, maoni yangu ni haya: kambi inawezekana, lakini si Rubondo na si kwa siku tatu. Mumeo hakuhitaji kwenda mbali hadi kwa Wazungu kutafuta mfano, kwa maana katika visiwa vya ziwa hili wamo akina mama wanaolea watoto wachanga kwenye kambi za wavuvi, ndani ya vibanda vya mabati na maturubai. Ila wale wako kwenye riziki, na malaria na kichocho wanavijua vizuri kuliko mimi na wewe. Ninyi mnakwenda kustarehe, na starehe inaweza kusogezwa karibu na nyumbani.

Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, na ni pazuri kweli, lakini ni kisiwa: mtasafiri kwa gari hadi upande wa Geita au Chato, kisha mpande boti. Mtoto wa umri huo akianza kupumua kwa shida saa nne usiku, hamtakuwa na njia ya kumfikisha hospitali ya Bugando wala ya Sekou Toure hapa Mwanza kabla ya kupambazuka, na dhoruba za ziwa hili hupenda kuja usiku na alfajiri. Tafuteni badala yake sehemu ya ufukweni upande wa Ilemela inayopokea watu wenye mahema, yenye mlinzi, choo na barabara inayofika hadi hemani, mlale usiku mmoja tu, na gari lielekezwe njiani tangu jioni.

Sasa nije kwenye hoja ya mama mkwe, ambayo nusu yake ni ya kweli. Upepo wenyewe hauleti homa ya mapafu, kwa kuwa ugonjwa huo huletwa na vimelea. Lakini mtoto mchanga hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima, na usiku wa Julai hapa Mwanza unaweza kushuka hadi nyuzi joto 16 hivi. Baridi nyingi hutoka chini, kwa hiyo tandikeni mkeka, kisha blanketi nene lililokunjwa na kutandazwa vizuri, ndipo mtoto alazwe chali mahali pake mwenyewe, bila mto, na asilale katikati yenu juu ya godoro la kupuliza, ambalo hubonyea na kumviringisha mtoto kuelekea kwenye mwili wa mtu mzima. Usimpime kwa viganja, maana viganja vya watoto huwa baridi hata wakiwa wazima. Tia mkono shingoni kwa nyuma, na ukikuta jasho, mpunguzie nguo moja.

Hapa naomba mumeo asome kwa macho yake. Jiko la mkaa lisiingizwe hemani kwa sababu yoyote, hata likiwa limebaki majivu yenye kaa mbili tatu za kupasha miguu joto, hata mlango ukiachwa wazi kidogo. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlaza mtu usingizi asiamke, na anayetangulia kuzidiwa huwa ni mdogo kuliko wote. Hofu ya baridi aliyonayo mama mkwe ndiyo inayoweza kumfanya mtu mwenye nia njema kabisa akaingiza jiko hilo.

Mbu nao si wa kudharau kandokando ya ziwa. Jua likianza kuzama mtoto awe ameshavaa soksi na mikono mirefu, zipu ya hema ifungwe kila mtu anapopita, na chandarua chenye dawa kifungwe ndani ya hema, si kiachwe nyumbani kwa kudhani kwamba hema linatosha. Mtoto akipata homa wakati wowote, mpelekeni apimwe badala ya kumpa panado na kungoja. Ila mjue kwamba malaria huchukua wiki moja au zaidi tangu mtu aumwe na mbu, kwa hiyo homa ya kesho yake asubuhi haitakuwa imetoka kambini, hata kama nyumbani watasema hivyo.

Maji ya kumwogeshea yatoke nyumbani kwenye dumu. Ya ziwani yana vimelea vya kichocho vinavyopenya ngozi kwa dakika chache, kwa hiyo hata ile picha ya kuchovya miguu yake ufukweni ninaikataa. Kuhusu chakula, kama bado ananyonya tu, hahitaji hata maji. Usianze uji kambini.

Mwambie mumeo usiku mmoja Ilemela, na Rubondo mtoto akishaanza kutembea. Akishikilia Rubondo, aende na wenzake, nawe ubaki bila kinyongo. Akikubali, basi yeye mwenyewe ndiye akae na mama yake, amweleze mtakapolala na saa mtakayorudi, na amwombe awafungie yale mablanketi. Habari hiyo usiipeleke wewe.